Mtihani Unaofundisha: Kumbukumbu, Lugha na Ubongo wa Mwanafunzi

Kwa muda mrefu shule za Afrika Mashariki zimeuweka mtihani mwishoni mwa masomo, mahali pa mizani na chujio, ambapo aliyejifunza hutengwa na asiyejifunza. Na kwa kuwa nafasi ya mtoto katika kidato cha kwanza, na baadaye chuoni, hutegemea chujio hilo, mtihani umepata sura ya hukumu, na walimu, wazazi na wanafunzi wenyewe wamezoea kuamini kwamba kujifunza hukamilika kabla yake, na kwamba chumba cha mtihani hakina cha kumwongezea mtu isipokuwa alama. Utafiti wa zaidi ya karne moja kuhusu kumbukumbu, ambao katika miongo ya karibuni umepata kuungwa mkono na uchunguzi wa ubongo wenyewe, unaielekeza akili upande mwingine kabisa: tendo la kulitafuta jambo kichwani na kulitoa pasipo kufungua daftari ni mojawapo ya matendo yanayolikaza jambo hilo kuliko yote. Ikiwa ndivyo, basi shule hizi zimekuwa na chombo chenye nguvu kubwa ya kufundishia, zikakifungia kabatini mwaka mzima, na kukitoa siku moja tu ili kuwapunguza wanafunzi.

Ili hoja hii ieleweke, ni lazima kutazama kwanza kinachobadilika kichwani mtu anapojifunza. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86, na kila seli huwasiliana na maelfu ya nyingine kupitia vituo vidogo vya kupokezana taarifa viitwavyo sinapsi. Kujifunza jambo ni kubadilika kwa vituo hivyo, baadhi vikikazwa, vingine vikilegea na vipya vikichipuka. Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000 pamoja na wenzake wawili, aliyachunguza mabadiliko hayo kwa koa wa baharini, kiumbe mwenye seli za neva chache na kubwa, akaona kwamba funzo la mara moja huimarisha sinapsi zilizopo kwa muda mfupi tu, ilhali mafunzo yanayorudiwa kwa kuachiana nafasi huilazimu seli itengeneze protini mpya na kuotesha viungo ambavyo havikuwapo. Kumbukumbu ya kudumu, kwa maana hiyo, ni jengo la mwili linalohitaji malighafi na muda, na muda huo haufupishwi na mwalimu anayepaza sauti wala na mwanafunzi anayekesha usiku mmoja kabla ya mtihani.

Wala si kila kinachoingia akilini hulifikia jengo hilo. Jambo hili lilidhihirika kwa namna ya kuhuzunisha kwa Henry Molaison, Mmarekani ambaye mwaka 1953, katika jitihada za kumponya kifafa, alifanyiwa upasuaji huko Hartford ulioondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili, yaani viungo vilivyojikunja ndani ya ubongo, kimoja kila upande, ambavyo wakati huo kazi yake ilikuwa haijajulikana sawasawa. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mgonjwa huyo aliweza kufuata mazungumzo, kuelewa anachoambiwa na kushikilia namba akilini mradi aendelee kuirudia, lakini alipokatizwa kidogo vyote vilitoweka kana kwamba hakuwahi kuvisikia. Na hali hiyo ilidumu hadi kifo chake mwaka 2008. Sayansi ilijifunza kwake kwamba mahali pa kulielewa jambo kwa sasa ni tofauti na mahali pa kulihifadhi kwa kesho.

Mwalimu anayo sababu ya kulitafakari hilo kila anapomaliza kufafanua mada na kuuliza, "Mmeelewa?", na darasa zima likaitikia kwa sauti moja ya kuvuta, "Ndiyooo, mwalimu!" Jibu hilo mara nyingi ni la kweli: wanafunzi wameelewa kweli, kwa dakika ile, hoja ikiwa bado ubaoni na sauti ya mwalimu ikiwa bado masikioni. Molaison naye angejibu hivyo hivyo, tena bila kudanganya. Kosa ni la shule inayochukua uelewa wa saa nne asubuhi kuwa ushahidi kwamba kitu kimejengwa, ikafunga mada, ikaweka alama ya vema kwenye andalio la somo na kusonga mbele, isiirudie mada hiyo mpaka wiki ya mitihani.

Kasi ya kusahau imejulikana tangu mwaka 1885, pale Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kujifunza orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha kupima ni kiasi gani cha juhudi kiliokolewa alipozijifunza upya baada ya muda fulani. Baada ya dakika 20 akiba iliyobaki ilikuwa takriban asilimia 58, baada ya siku moja karibu 33, na baada ya mwezi karibu 21. Mambo yenye maana hayasahauliki kwa kasi hiyo, lakini umbo la mteremko ni lile lile: upotevu mkubwa hutokea mapema, ndani ya saa na siku za kwanza, kisha kinachobaki hupungua polepole. Mwanafunzi anayesahau, kwa hiyo, si mzembe wala mzito wa akili. Ubongo wake unafanya kama ubongo wa kila mtu, wa mwalimu wake ukiwemo, na kinachoweza kubadilishwa ni ratiba ya kumrudisha kwenye jambo kabla halijapotea lote.

Namna ya kumrudisha ndiyo yenye uzito zaidi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vya habari wavisome. Kwa baadhi ya vifungu wanafunzi waliruhusiwa kusoma mara ya pili, na kwa vingine walitakiwa waandike chochote wanachokikumbuka, bila kuangalia na bila kusahihishwa. Walipopimwa baada ya dakika 5, kusoma mara mbili kulishinda, kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: vifungu vilivyosomwa mara mbili vilikumbukwa kwa asilimia 42, na vile vilivyosomwa mara moja kisha kukumbukwa kwa jasho vilifika asilimia 56. Katika jaribio la pili la watafiti hao, wanafunzi waliosoma kwa kurudia rudia ndio waliojiamini zaidi kwamba wangekumbuka, na ndio waliosahau zaidi. Ulaini wa kurasa zinazosomwa kwa mara ya tatu huiridhisha akili ikaudhani kuwa ni ujuzi, na huenda hapo ndipo penye siri ya machozi ya wanafunzi wengi waliosoma kwa bidii ya kweli na bado wakaanguka.

Watu wa pwani na bara hawakuhitaji maabara ili kuishi na kanuni hii. Katika vyuo vya Kurani mtoto hapewi aya mpya kabla hajasikilizwa zile za jana, na hata mwenye kuhifadhi Kurani nzima huendelea kuipitia kwa zamu, sehemu hadi sehemu, kwa kuwa kila mwalimu wa chuo anajua kwamba hifadhi isiyopitiwa hupotea. Ndiyo sababu Kiswahili kina kitenzi chake cha kudurusu, ambacho kinabeba kusoma na kurejea kwa pamoja. Vitendawili navyo, ambavyo vitabu vya shule huviweka katika sura ya fasihi simulizi kana kwamba ni mabaki ya kale, ni mfumo kamili wa kuulizana: mtegaji hutega, wasikilizaji hupekua akilini na kujaribu, na wakishindwa huambiwa watoe mji, wakautoa, kisha jibu likatolewa papo hapo mbele ya wote. Humo mna juhudi ya kutafuta kabla ya kuambiwa, mna kukosea kusiko na adhabu isipokuwa mji wa kufikirika, na mna masahihisho yasiyochelewa, yaani masharti yale yale ambayo watafiti wa leo wanayataja wanapoeleza ni lini swali hugeuka kuwa funzo.

Ni muhimu hapa kutenganisha kukumbuka na kukariri kwa namna inayolaumiwa, kwani mtu anaweza kudhani kwamba hoja hii inatetea wanafunzi wa kasuku. Anayekariri kwa maana hiyo hupita juu ya maneno yale yale kwa mfuatano ule ule mpaka ulimi unatangulia akili, na akiulizwa kwa kuanzia katikati hukwama. Hata uitikiaji wa pamoja, uliozoeleka katika madarasa yenye wanafunzi wengi, hautimizi kazi ya kukumbuka, ingawa una sauti na uchangamfu wake. Mwalimu anaposema, "Mmea hutengeneza chakula chake kwa njia ya usanisi...?" na darasa likamalizia, "...nuru!", nusu ya jibu imekwisha kutolewa, na mtoto asiyejua chochote huokota silabi za mwisho kutoka kinywani mwa jirani na kuzirudisha akiwa amechelewa kidogo tu. Swali linalofanya kazi ni lile linalomwacha kila mtoto peke yake na akili yake kwa nusu dakika: eleza kwa sentensi mbili kwa nini mmea uliofunikwa kwa sanduku jeusi hudhoofika.

Na hapo, kwenye sentensi mbili, shule ya sekondari ya Tanzania hukutana na tatizo lililo kubwa kuliko yote yaliyotajwa. Kabla jambo halijahifadhiwa hupitia kwenye kile ambacho Alan Baddeley na Graham Hitch walikieleza mwaka 1974, na ambacho kwa Kiswahili kinaweza kuitwa kumbukumbu ya kazi: meza ndogo ya akili ambayo juu yake mtu hushikilia na kupangapanga mambo anayoyafikiria kwa sasa. Meza hiyo ni finyu ajabu. Nelson Cowan, aliyeupitia ushahidi mwaka 2001, alikadiria kwamba hubeba takriban vitu 4 tu kwa wakati mmoja, iwapo mtu hapewi nafasi ya kuvikusanya katika mafungu. Mtaalamu wa Australia John Sweller alijenga juu ya ufinyu huo nadharia ya mzigo wa utambuzi, inayosema kwamba funzo hushindwa pale mambo yasiyo kiini cha mada yanapoijaza meza kiasi kwamba kiini chenyewe kinakosa pa kukaa.

Mtoto aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili anajua usanisinuru, anajua umbijani, anajua kwamba jani huhitaji mwanga, maji na hewa ya kabonidioksaidi. Miezi michache baadaye, baada ya kozi ya wiki kadhaa ya kumwandaa, anakutana na mada hiyo hiyo katika kidato cha kwanza kwa Kiingereza, na sasa meza yake ndogo inatakiwa kushika sauti ngeni ya istilahi, maana ya vitenzi vinavyoizunguka, muundo wa sentensi na tahajia isiyolingana na matamshi, kabla hajagusa hoja ya kibayolojia iliyokusudiwa. Kwa anayekijua Kiingereza vizuri hayo yote hujiendesha yenyewe na hayachukui nafasi. Kwa anayekijua kidogo, yanaijaza meza. Matokeo yake huonekana kama upole au uvivu: mwanafunzi ananyamaza, ananakili ubaoni kwa hati nzuri, na hatoi swali.

Ushahidi wa hali hiyo si mpya. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, na miaka miwili baada ya pendekezo hilo wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kukuta kwamba, hata katika kidato cha nne, ni takriban asilimia 10 tu waliokuwa wamefikia kiwango ambacho elimu kwa lugha hiyo ingeweza kutarajiwa kuanza. Pendekezo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka tena nafasi ya Kiswahili katika ngazi zote, na bado mitihani ya sekondari inaandikwa kwa Kiingereza. Mjadala huu umezoea kuendeshwa kwa hoja za uzalendo upande mmoja na hoja za soko la ajira upande mwingine, na pande zote mbili zina watu wenye nia njema. Lakini kumbukumbu ya kazi haina uzalendo wala haitafuti ajira, ina ufinyu tu, na sera isiyouheshimu ufinyu huo inalipiwa na mtoto.

Kusema hivi si kukikataa Kiingereza. Lugha hiyo ina thamani kubwa, na ingejifunzwa vizuri zaidi iwapo ingefundishwa kama somo, na walimu waliobobea, kwa kurudiwa kwa nafasi na kwa kuulizwa kila siku, badala ya kuachiwa mwalimu wa fizikia aifundishe kwa bahati. Vilevile mwalimu anayefafanua kwa Kiswahili dhana iliyoandikwa kwa Kiingereza, kisha akawarudisha wanafunzi kwenye istilahi za mtihani, anastahili kuacha kujiona mkosaji: anapunguza mzigo mezani ili hoja ipate pa kukaa. Mwenye kustahili kujiuliza ni yule anayemvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani kwao.

Katika madarasa ya mwanzo Kiswahili chenyewe kinatoa fursa ambayo mataifa mengi hayana. Uchunguzi wa Stanislas Dehaene na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010 na kuwalinganisha watu wazima wa Ureno na Brazili waliojua kusoma, waliojifunza ukubwani na wasiojua kabisa, ulionyesha kwamba kusoma hubadilisha sehemu za ubongo zinazohusika na kuona na lugha, na kwamba mabadiliko hayo hutokea hata kwa anayejifunza akiwa mtu mzima, habari ya kutia moyo kwa kila darasa la kisomo. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto aliyefundishwa kwa utaratibu kuunganisha herufi na sauti, ba, be, bi, bo, bu, anaweza kusoma kwa wepesi mapema, na wepesi huo unaifungua meza ya akili kwa ajili ya maana. Mtaala wa KKK ulioanzishwa Tanzania mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, wenye kutanguliza kusoma, kuandika na kuhesabu, ulikuwa na mantiki hiyo, na ni wa kulindwa.

Kinachoweza kuharibu yote haya ni hofu. Swali lina faida iwapo anayeulizwa ana haki ya kukosea. Na ubongo ulioogopa haupo katika hali ya kutafuta jibu. Mtu anapohisi hatari, amigdala, kiungo kidogo kinachopima vitisho, huuweka mwili tayari kujihami, na kemikali za msongo, kama alivyoonyesha Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale, hulegeza kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo ambayo kumbukumbu ya kazi huitegemea. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kanuni za Tanzania bado zinaviruhusu, zikimtaka mkuu wa shule asimamie na fimbo zisizidi 4. Mwalimu anayeuliza swali huku ameshika fimbo, hata asipoitumia, amekwisha kupunguza uwezo wa mtoto kulijibu, kisha anaweza kumwadhibu kwa upungufu ambao kwa sehemu ameusababisha yeye. Na mtoto, ambaye ubongo wake unajifunza hatari kwa haraka kuliko unavyojifunza hesabu, huondoka akiwa amehifadhi jambo moja kwa uhakika, nalo ni kwamba kuinua mkono ni hatari. Hakuna hoja ya nidhamu inayoweza kulipia hasara hiyo.

Usingizi unastahili neno fupi, maana kambi za kujiandaa na mitihani huukata bila huruma. Tangu majaribio ya Jenkins na Dallenbach ya mwaka 1924 imejulikana kwamba mtu husahau machache akilala baada ya kujifunza kuliko akikaa macho, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba ubongo uliolala huyapitia tena yaliyotokea mchana. Mwanafunzi anayeamshwa saa kumi alfajiri ili asome tena ananyang'anywa saa ambazo somo la jana lilikuwa linajengwa.

Haki inataka isemwe pia kwamba si kila kinachouzwa kwa jina la ubongo ni sayansi. Mwaka 1997 John Bruer alionya kwamba umbali kati ya seli na darasa ni mrefu kuliko daraja lililopo, na kwamba elimu hufaidika zaidi na saikolojia ya utambuzi iliyo katikati. Onyo hilo lina nguvu hata leo, na msomaji makini ataona kwamba ushahidi mzito zaidi uliotajwa katika makala haya ulipatikana kwa karatasi na kalamu, picha za ubongo zikifuata baadaye. Dhana kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake, wa kuona, wa kusikia au wa kutenda, na kwamba hujifunza vyema akifundishwa kwa mtindo huo tu, imeenea duniani kote, lakini Harold Pashler na wenzake walipoupitia ushahidi mwaka 2008 hawakupata msingi wa kutosha wa kuitumia shuleni. Semina za walimu zinazoendelea kuisambaza zinatumia vibaya muda wa watu ambao hawana muda wa kupoteza.

Kinachotakiwa ni kidogo na kinapatikana hata pale penye wanafunzi 90 na dawati moja kwa watoto wanne. Mwalimu wa jiografia anaingia, hafuti ubao wala haandiki kichwa cha mada mpya. Anataja maswali matatu, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la muhula uliopita, na kila mwanafunzi anajibu nyuma ya daftari akiwa peke yake, daftari la maelezo likiwa limefungwa, kwa Kiswahili ikiwa ndicho kinachomfikisha kwenye hoja. Baada ya dakika tano majibu yanatajwa, kila mmoja anajisahihisha mwenyewe, hakuna alama inayoingia kwenye kitabu cha maendeleo, na mwalimu anauliza ni wangapi walikosa la tatu. Mikono sitini ikiinuka, anajua kabla ya Baraza la Mitihani ni nini cha kufundisha upya, na wale sitini wameinua mikono bila kuogopa.